Ndege ya Maboksi ya Samaki

Mwalimu wa umeme aliniambia kiti changu kipo kwenye darasa la cherehani, nami nikamwambia akakikalie yeye. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, na sijutii. Mpaka leo nikiukumbuka uso wake siku ile huwa nacheka peke yangu jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Chuo chetu kilikuwa mtaa wa Mwanga, nyuma ya soko, banda refu la mabati lenye madarasa matatu: cherehani, useremala na umeme. Miaka ile wakimbizi walikuwa wakikusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani, wakitokea Burundi, wakiletwa mjini kwa meli, na mji mzima haukuwa na habari nyingine ya kuzungumza. Sisi hatukuwa wa meli hiyo. Baba yangu alivuka ziwa zamani, kabla sijazaliwa, akaoa hapahapa Ujiji, akanipata mimi. Mama alifariki nikiwa mdogo. Nimekua najua Kiswahili kuliko Kirundi. Lakini wageni walipoongezeka, ghafla na sisi wa zamani tukawa wakimbizi upya. Mama muuza nyanya ambaye siku zote aliniita mwanangu akaniuliza eti nimefika lini. Nimefika lini! Mimi niliyejifunza kutembea nimeshikilia mguu wa meza yake!

Pale chuoni nafasi za watoto wa wakimbizi zililetwa na mradi fulani, na mradi ulishaamua: wasichana cherehani, wavulana useremala. Umeme ulikuwa wa wenyeji. Hakuna aliyebandika tangazo, ila kila mtu alijua. Na mimi tangu utoto nilikuwa nafungua redio za watu. Nyingine nilizirudishia uhai, nyingine nilizimaliza kabisa, lakini nilizifungua. Mwaka wa kwanza wa cherehani nilikuwa karibu kuumaliza. Ningeweza kuvumilia mambo mengi maishani, ila si kuongeza wa pili nikipiga pindo huku ng'ambo ya ukuta watu wanafundishwa kitu ninachokitaka.

Kwa hiyo nikajibu vile nilivyojibu, darasa zima la umeme likasema "Weee!" kwa sauti moja, na mwalimu akavua miwani.

Alikuwa mwembamba, Muha wa Kasulu, kalamu haibanduki sikioni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi mbaya, basi, na neno akishalitoa halimezi.

"Una mdomo wewe binti," akasema. "Sasa tuone kama na mikono unayo."

Akafungua kabati, akatoa boksi. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi aliliacha alipoondoka nchini. Ndani kulikuwa na rimoti yenye vijiti viwili, mota ndogo yenye feni mbele yake, vimota viwili vidogo zaidi vya kuvutia mkia, betri moja, na vipande vya ndege iliyosagika. Wanafunzi wake wa kiume walishajaribu mwaka mzima. Waliunda ndege tatu, zote zikaanguka.

"Unda ya kwako," akasema. "Irushe iende juu ya ziwa, igeuke, irudi ulipo ikiwa nzima. Ukiweza kabla hatujafunga chuo, kiti cha umeme ni chako, huo mradi wenu upende usipende. Ukishindwa, cherehani mpaka cheti, na nisikuone tena mlangoni kwangu."

"Unaahidi, mwalimu?"

"Nimeshasema."

Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Nilibeba boksi lile moja kwa moja hadi Katonga, ufukwe wa wavuvi, kwa baba. Baba alikuwa fundi wa boti za mbao. Boti nyingi zilizokuwa zikitoka kuvua pale zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyowahi kuzama kwa kosa lake. Nilitegemea angenigombeza kwa kumjibu mwalimu. Akaigeuza ile mota mkononi, akaipuliza feni ikazunguka.

"Boti ni boti," akasema. "Hii yako inapita juu kidogo tu."

Siku hiyohiyo akaenda kwa wachuuzi wa samaki akaomba maboksi mabovu, yale meupe mepesi ya kusafirishia migebuka kwenye barafu. Tuliyaosha kwa sabuni ya mche mara tatu. Thubutu! Harufu ilikuwa imeshahamia humo na familia yake. Tukayakata kwa kisu cha moto, tukapata kiwiliwili, mkia na mabawa mawili, tukapitisha mianzi ndani ya mabawa ili yasikunjike. Kamba za kuvutia mkia zilikuwa nailoni ya kuvulia. Sehemu za mkia zinazochezacheza nilizishona kwa kitambaa cha bitana nilichopewa na mwalimu wa cherehani, mama mmoja mtu mzima wa Ujiji, miwani imening'inia kwenye uzi juu ya ushungi.

"Hicho kidude kinanuka," akaniambia. "Kikae nje. Na mshono wako huo umekwenda upande, ufumue."

Nikaufumua. Ilibidi.

Likabaki suala la uzito. Betri ilikuwa nzito kuliko vitu vyote, na ilikuwa lazima ikae mahali. Baba akagonga kiwiliwili kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga mbao, akaweka alama nyuma ya mabawa, karibu na mkia.

"Hapa. Pua iwe nyepesi, uzito ukae nyuma. Ndiyo boti inayorudi nyumbani."

Sikubisha. Nani angebisha? Tazama boti yoyote pale Katonga: injini nyuma, mafuta nyuma, nahodha nyuma, na mbele imenyanyuka inapasua maji. Boti yenye pua nzito inachimba wimbi, na likishaingia moja, yanafuata mengine. Hata mtoto wa Katonga anajua hilo kabla hajajua kusoma. Tukachonga shimo la betri pale alipoweka alama.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda ufukweni kabla upepo wa ziwa haujaanza. Akina mama walikuwa wamemwaga dagaa mchangani wanakauka. Baba akaishika ndege juu ya kichwa, mimi nikaishika rimoti. Nikasukuma kijiti kuongeza moto, feni ikalia, baba akarusha.

Ilinyanyua pua. Ikanyanyua zaidi. Ikasimama wima angani imening'inia kwenye feni yake, halafu ikachoka, ikageuka, ikaja chini pua mbele hadi katikati ya dagaa.

"We binti!" mama mmoja akapayuka. "Dagaa wangu ndio uwanja wako wa ndege?"

Baba aliiokota, akaipangusa, akatingisha kichwa kama daktari aliyeshaujua ugonjwa. "Umeona ilivyochimba? Pua bado nzito." Akairudisha betri nyuma zaidi.

Mara ya pili ilipinduka hata kabla haijaupita mkono wake. Wiki iliyofuata tukarudisha betri nyuma tena, mpaka ikawa inagusa mkia. Siku hiyo ilijipiga mchangani kwa mgongo, bawa likakatika, na upande mmoja wa feni ukapasuka. Boksi lilikuwa na feni moja tu ya akiba.

Na siku hiyo ndiyo waliyokuja kutazama wale wavulana wa darasa la umeme. Waliketi juu ya boti iliyopinduliwa wakaumia mbavu kwa kicheko. Mmoja akaniita: "Mkimbizi! Ndege ya kurudi kwenu imegoma?"

Nikamjibu kwamba kwetu ni pale aliposimama yeye, kwa hiyo ahame. Wakacheka zaidi. Nilikuwa nimekumbatia vipande vya boksi vinavyonuka samaki na machozi yananichoma, na nikaapa kwamba hawatayaona. Nilitembea hadi nyuma ya banda la barafu, nikalia huko, nikanawa uso, nikarudi nikamwambia baba tuondoke.

Wiki mbili zilibaki. Niliiunga ile ndege kwa gundi na vijiti vya mianzi mpaka mkia ukawa umejaa viraka, lakini sikujua kwa nini inaanguka, na kitu nisichokijua sikuweza kukitengeneza. Darasani nilikuwa nakaa mbele ya cherehani kama gunia. Siku moja, mwalimu akiwa amegeuka anachora kola ubaoni, nikachukua kipande cha boksi kilichobaki, kadiri ya kiganja, nikakikata kwa mkasi kikawa kindege. Nikachomeka pini moja ya kushonea mkiani, kama baba alivyofundisha, nikakirusha. Kikapinduka, kikaanguka mgongo chini palepale mezani. Nikachomoa ile pini nikaichomeka puani, si kwa akili yoyote, kwa hasira tu. Nikarusha tena.

Kikaondoka. Kilipita juu ya cherehani zote, kimetulia, hakina haraka, kikaenda kumgonga mwalimu kisogoni.

Yule mama akageuka, akakiokota, akaitazama pini, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mbona hiki kimeruka na kile kikubwa hakiruki?" akauliza.

Jibu nilishalipata, na lilinitia hofu kuliko kushindwa kwenyewe, kwani maana yake ilikuwa kwamba baba amekosea.

Mtu asiyekulia kwenye nyumba ya fundi anaweza kuona ni jambo dogo. Baba hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba ya urithi, hakuwa na hata kaburi la babu zake upande huu. Alikuwa na jina lake tu, kwamba yule Mrundi wa Katonga hakosei uzito. Watu walimheshimu kwa hilo, na mimi ndiye nilitakiwa niende kumwambia.

Nilimkuta anaziba boti kwa pamba. Nikamsalimia, akaitikia. Nikajikaza, nikasema: "Baba, uzito unatakiwa uwe puani."

Hakuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe." Akaendelea kugonga pamba. "Unanifundisha uzito, mwana wanje?" Mwanangu, kwa Kirundi chake.

Ningeweza kusema kwa upole. Sikusema. Nilikuwa na wiki mbili na hasira za mwaka mzima. Nikamwambia hewa si maji, na yeye anarusha ndege kama anasukuma boti, na mimi nitakwenda kuozea kwenye cherehani kwa sababu ya ubishi wake. Niliyasema yote hayo kwa sauti, mafundi wenzake wakisikia.

Baba aliweka nyundo chini. Akaniambia, taratibu, kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Siku waliyovuka alikuwa kijana wa umri wangu. Zilikuwa boti mbili, zimejaa watu kupita kiasi. Walipoiona nchi kavu ya upande huu, watu wa boti ya kwanza walikimbilia mbele ili waione vizuri. Ile boti ikachimba pua mara moja tu. Kwenye boti ya pili, yeye aliwashika watu mikono na nguo akawaburuta nyuma, wengine akiwapiga, akamvuta hata mama yake mwenyewe kwa kitenge mpaka kikachanika, na pua ikanyanyuka.

"Nilifika hapa kwa uzito wa nyuma," akasema. "Usiniambie nimekosea."

Mafundi walikuwa wameacha kugonga. Nilijichukia, kweli nilijichukia. Lakini pini ilikuwa imenionyesha nilichokiona, na singeweza kujifanya sijakiona.

"Hukukosea, baba," nikamwambia. "Boti imebebwa na maji. Ndege haijakaa juu ya kitu. Lazima iende ndiyo ibebwe, na isipoinamia mbele haiendi."

Akaokota nyundo yake akaendelea na kazi. Hatukusemeshana siku tisa. Nilimpikia, alikula, alisema asante kwa sahani na si kwangu.

Siku ya kufunga chuo ilipofika, mwalimu wa umeme alilileta darasa lake zima ufukweni Katonga asubuhi, na daftari la mahudhurio kwapani. Mwalimu wa cherehani naye akaja na wasichana wake, hakuna aliyemwalika. Akina mama wa dagaa waliponiona wakaanza kuzoa dagaa wao. Nilikuwa nimefunga feni ya mwisho. Betri nilishaisogeza mbele mpaka ilipogota, lakini mkia ulikuwa mzito kwa gundi na viraka. Nikaiweka ndege juu ya vidole viwili chini ya mabawa, na mkia ukainama. Niliongeza boliti mbili nilizookota, bado ukainama.

"Tunasubiri nini?" mwalimu akauliza.

"Subiri, mwalimu."

"Chuo kinafungwa leo, si mwakani."

Ndipo nikamwona baba anatoka kwenye boti zake. Alikuja akipita katikati ya watu, mkononi ameshika kipande cha kamba ya wavu wake mwenyewe, chubwi za risasi zikiwa bado zimefungwa humo, zile zinazouzamisha wavu. Hakunisalimia. Akasema: "Inua."

Nikaiinua kwa vidole viwili. Akakata chubwi moja, akaifunga chini ya pua kwa uzi. Mkia ukapanda kidogo.

"Bado," nikasema.

Akafunga ya pili. Ndege ikalala sawa, kisha pua ikainama kidogo sana.

"Imetosha."

Fundi mmoja mwenzake, aliyekuwepo siku ile ya ugomvi, akapaza sauti: "Mzee, leo wewe unaweka uzito puani?"

Baba alikaza fundo kwa meno, akatema kipande cha uzi. Alikuwa amezungukwa na watu wote waliowahi kununua boti kwake.

"Fundi kasema," akajibu. "Mimi nafunga tu."

Nikaiokota rimoti. Akaibeba ndege juu ya kichwa, nikaongeza moto, akarusha.

Haikunyanyua pua. Kwanza ilishuka, watu wakaguna, ikanyooka juu ya maji, halafu ikaanza kupanda yenyewe, taratibu, imetulia kama kile kindege cha darasani. Sikusikia kelele zao. Niliiona tu ikiwa nyeupe juu ya ziwa. Mwewe wawili wa Katonga, wezi wakubwa, wakashuka kuifuata kwa ile harufu ya migebuka, wakaizunguka, wakaona haina nyama, wakaiacha.

Kazi ilikuwa kuirudisha. Hapo ndipo wavulana walipokuwa wakishindwa. Ndege ikishageuka ikawa inakuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono unavuta kule usikotakiwa. Nilivuta kimakosa mara moja, ikalala ubavu kuelekea maji, wavulana wakapiga kelele. Nikaacha kuitazama kama ndege, nikaitazama kama kitambaa kilichogeuzwa ndani nje, ambapo bega la kulia unalikata upande wa kushoto na mkono hauulizi. Nilikuwa nimefanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima. Ile cherehani niliyoitukana ndiyo iliyonirudishia ndege, na nilikaa miaka mingi bila kumwambia mtu.

Nikapunguza moto. Ikapita juu ya boti, ikagusa mchanga kwa tumbo, ikateleza, ikasimama hatua chache kutoka miguuni kwangu. Haikugusa dagaa hata mmoja. Wasichana wa cherehani walipiga vigelegele mpaka mwalimu wao akawanyamazisha, halafu akapiga cha kwake.

Mwalimu wa umeme aliinama akaiokota. Akayatazama mabawa, akautazama mshono wa mkia, akagusa zile chubwi puani. Angeweza kutafuta kisingizio. Visingizio vilikuwepo tele miaka ile. Akafungua daftari juu ya goti, akachomoa kalamu sikioni, akaandika jina langu chini ya majina ya wavulana, akanisomea ili nihakikishe. Halafu kalamu ikasimama. Kulikuwa na safu moja zaidi, ile ambayo kila mwanafunzi aliandikwa mwenyeji au mkimbizi.

"Na hapa?" akauliza, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na kejeli. "Hapa niandike nini?"

Nikamtazama baba. Alikuwa anakunja kamba ya wavu wake uliopungua chubwi mbili.

"Andika fundi," nikasema.

Akanitazama, akaitazama kalamu, akaandika.